Namba ya Biashara Iandikwe kwa Jina Lako: Simu ya Intaneti na Dagaa wa Mwaloni

Msomaji mmoja wa Musoma, ambaye anauza mikoba ya ukili mtandaoni, ameniandikia akiuliza kama kuna haja ya kulipia simu ya intaneti, yaani namba ya simu ambayo sauti yake husafiri kwa intaneti, wakati WhatsApp ipo na mtu hadaiwi kitu. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu biashara yangu ya dagaa ianze kusikika. Mwezi uliopita tumepeleka Dodoma mzigo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupeleka, na oda yake ilipokewa na wenzangu kwa simu hiyo hiyo nikiwa katikati ya ziwa kuelekea Nansio, mahali ambapo hata meseji hupita kwa tabu. Nadhani nimepata haki ya kujibu kwa kirefu.

Mimi nanunua dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nawaosha, nawaanika upya, nawafunga kwenye mifuko na kuwauza kupitia mitandao ya kijamii, kisha mzigo unapanda basi pale Nyegezi. Zamani simu ya biashara ilikuwa hii yangu ya mkononi. Ikiita saa moja asubuhi, makuli wakiwa wanapiga kelele za kuomba njia na mimi nikiwa nimeingiza mikono yote miwili kwenye gunia kukagua mchanga, haipokewi, na mteja wa mtandaoni asiyepokelewa hasubiri. Tena ana sababu ya kuwa na wasiwasi, kwa kuwa hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupata meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mtu asiyeliona duka lako hupiga simu kwanza ili ajue kama kweli upo.

Sasa tuna namba moja, na programu yake imewekwa kwenye simu yangu, ya mdogo wangu anayefungasha Kirumba, na ya binamu yetu aliyeko Ubungo. Mteja akipiga, zote tatu zinaita kwa pamoja na anayewahi anapokea. WhatsApp ni nzuri, nami naitumia kutwa nzima kwa picha na risiti, lakini anayekupigia kwa njia hiyo ni lazima awe na simu janja na bando. Wanunuzi wangu wa jumla, wakiwamo mama lishe na wenye maduka ya rejareja, wengi wana vitochi. Namba ya simu ya intaneti hupigiwa kama namba nyingine yoyote, na mpigaji hana haja ya kujua sauti yake inasafiri kwa njia gani. Kuna mama mmoja wa Singida aliyesikiliza salamu yetu iliyorekodiwa hadi mwisho, na mdogo wangu alipopokea akamuuliza, “Mwanangu, wewe ni mtu au ni mashine?” Siku hiyo hiyo tuliifupisha ile salamu.

Wengi huogopa bando, na mimi nasema wanaogopa kisicho tatizo. Hata kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo haibani sauti kama nyingine zinavyofanya, mazungumzo ya saa nzima hula takriban megabaiti 80 tu, kwenda na kurudi. Tatizo ni mtandao unaoyumba. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, na vingi vikipotea kwa mfululizo neno zima linamezwa. Mteja wa Morogoro aliambiwa mfuko ni elfu kumi na nane, yeye akasikia “elfu nane”, akatuma elfu nane, na hakuwa mwongo hata kidogo: “kumi na” ilipotelea njiani. Tangu hapo kila bei inayotajwa kwa mdomo hufuatwa na meseji kabla simu haijakatwa. Kipimo kingine ni ucheleweshaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana, mnaanza kudakiana maneno na mteja anadhani unamkatisha kwa dharau.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Simu zetu ziliendelea kuingia kwa sababu mtoa huduma wetu ana mitambo hapa nchini, na tulikuwa tumemwagiza kwamba programu isipopatikana, simu ihamie kwenye laini ya kawaida. Kwa hiyo muulize mapema mitambo yake iko wapi, na mpangilio huo wa kuhamisha simu uwekwe upande wake, usiwekwe kwenye simu yako ambayo siku hiyo itakuwa haina mtandao.

Naja kwenye jambo linaloniuma mpaka leo. Wakala wa kwanza aliyetuuzia huduma hii aliisajili namba kwa jina lake, na tulipokataa nyongeza ya ada aliyoileta ghafla, akabaki nayo. Mifuko ilikwisha kuchapwa namba hiyo. Wateja wangu niliowatafuta mmoja mmoja walipiga namba ile na kupokewa na mtu mwingine, naye akawauzia dagaa wake. Ndugu zangu, tuache kufanya biashara kwa kuaminiana midomoni! Hakikisha kampuni ina leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, dai mkataba wa maandishi, na namba iandikwe kwa jina lako au la biashara yako. Usitegemee kwamba utahama nayo baadaye, kwa maana huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza nchini mwaka 2017, ilikuja kwa ajili ya laini za simu za mkononi.

Weka nywila ngumu na ufunge simu za kwenda nje ya nchi kama huna mteja huko, kwa sababu wezi huingia usiku na kupiga namba za gharama kubwa kwa salio lako. Ukirekodi mazungumzo, mjulishe mteja, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe muuza mikoba.

Dada yangu wa Musoma, kama uko peke yako na simu zote unazipokea, baki na WhatsApp kwanza. Ukiona zinakupita, na yupo mtu wa pili wa kukusaidia kupokea, omba namba ya majaribio. Mpe ndugu yako aliye mbali aipige kwa kitochi mchana, kisha aipige tena saa mbili usiku wakati mtandao umejaa watu. Mkisikilizana vizuri nyakati zote mbili, ndipo uipeleke kwa mchapaji wa lebo.