Funza kwenye kidonda cha mbwa: usimwagie mafuta ya taa

Je, mbwa mwenye funza (mabuu ya nzi) kwenye kidonda amwagiwe mafuta ya taa? Hapana, usimwagie. Yanaunguza nyama iliyo wazi, na mbwa akiyalamba yanaweza kumwingia mapafuni.

Nyoa manyoya sentimita 5 kuzunguka kidonda. Hapo ndipo wengi hukosea: wasiponyoa, mayai meupe ya nzi yaliyonata kwenye manyoya huanguliwa ndani ya saa 24, kisha unadhani matibabu yameshindwa. Suuza kwa maji vuguvugu ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Funza wakijitokeza kupumua, watoe kwa kibano mmojammoja bila kuwapasua. Kagua tena baada ya saa 12, wadogo hujificha chini ya ngozi.

Akiwa mnyonge, au kidonda kiko karibu na jicho au mkundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Tafadhali usimchome ivermectin, dawa ya kuua vimelea, kwa kukisia. Akiwa mbwa wa aina ya Collie, dawa hiyo inaweza kumuua.