Kwa nini 0.123456789101112… haiandikiki kwa sehemu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha hisabati kidato cha pili. Tulipokuwa kwenye desimali zinazojirudia, mwanafunzi mmoja alikwenda ubaoni akaandika 0.123456789101112131415… akaniuliza: “Hii nayo ina mpangilio, mbona hatuibadilishi kuwa sehemu?” Nilimwambia haiwezekani, ila sababu sikuweza kuitoa. Baadaye nikasoma mahali kwamba Mjerumani aitwaye Kurt Mahler alithibitisha kuwa namba hiyo ni “transendenti”. Maana yake nini, na alithibitishaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Jibu ulilompa ni sahihi. Na huyo mwanafunzi usimwache, maana swali lake ni lilelile lililomshughulisha Mahler akiwa kitandani, anauguza goti.

Tuanze na sehemu. Ukigawanya 1 kwa 7 ubaoni, baki unazoweza kupata ni 1, 2, 3, 4, 5 na 6, basi. Kwa hiyo haitapita hatua ya saba kabla baki uliyokwisha kuipata haijarudi, na ikirudi, kila kinachoifuata kinarudi vilevile. Asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ikiwa 7 au ikiwa milioni saba, hali ni hiyohiyo: desimali ya sehemu ama inakoma, ama inajirudia.

Sasa itazame namba ya mwanafunzi. Tuseme ingekuwa na fungu la tarakimu 50 linalojirudia milele. Tukisonga mbele tutafika mahali palipoandikwa 1 yenye sifuri 200 nyuma yake. Fungu zima la tarakimu 50 litakuwa limezama ndani ya sifuri hizo, maana yake fungu lenyewe ni sifuri tupu, na kuanzia hapo desimali nzima ingekuwa sifuri. Lakini namba inayofuata inaishia na 1! Ukiweka fungu la tarakimu elfu au milioni, hoja haibadiliki, kwa kuwa sifuri zinazidi kurefuka. Mwambie hivi: mpangilio upo, kujirudia hakupo, na sehemu inadai kujirudia.

Transendenti ni hatua ya mbele zaidi. Kipeuo cha pili cha 2 nacho si sehemu, lakini kinatosheleza mlinganyo mwepesi, x² − 2 = 0. Namba yoyote inayotosheleza mlinganyo wa namna hiyo, wenye vipeo vya x na namba kamili peke yake, huitwa ya kialjebra. Isiyotosheleza hata mmoja, uwe mrefu namna gani, ndiyo transendenti. Charles Hermite wa Ufaransa alithibitisha hivyo kwa namba e mwaka 1873, na Mjerumani Ferdinand von Lindemann akafanya hivyo kwa pai mwaka 1882. Ugumu wake unauona: si mlinganyo mmoja unaoukataa, ni yote kwa mkupuo.

Mahler alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1903. Akiwa mtoto mdogo alipata kifua kikuu cha goti la kulia, na shule akaisoma kwa vipande vipande tu. Alipotimiza miaka kama 15 aliingia uanagenzi katika kiwanda cha mashine: mwaka mmoja chumba cha michoro, karibu miwili kiwandani. Vitabu vya hisabati alijisomea mwenyewe. Baba yake alichukua maandishi yake akampelekea mkuu wa shule moja pale mjini, naye akayatuma kwa mwanahisabati mashuhuri Felix Klein wa Chuo Kikuu cha Göttingen, na Klein akayakabidhi kwa kijana Carl Ludwig Siegel, ambaye naye alikuwa bingwa wa namba hizi. Siegel ndiye aliyehakikisha Mahler anasaidiwa kufaulu mtihani wa kuingilia chuo. Mwaka 1923 Mahler akaingia Chuo Kikuu cha Frankfurt, na mwaka 1927 akapata udaktari. Nikifikiria ule mlolongo wa mikono minne, baba, mwalimu, Klein, Siegel, naona mmoja wao angeyaweka yale makaratasi mezani akayasahau, tungemkosa.

Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Mahler, aliyekuwa Myahudi, aliondoka. Alikwenda Manchester, Uingereza, kisha Groningen, Uholanzi. Huko, mwaka 1936, ajali ya baiskeli ikaliamsha upya lile goti. Akapasuliwa, akawa anachomwa morfini kutuliza maumivu. Ili ajue kama dawa hazijamharibia akili, alijipa kazi: ile namba 0.1234567891011…, ambayo David Champernowne alikuwa ameandika habari zake mwaka 1933 akiwa bado mwanafunzi Cambridge. Matokeo yakachapishwa mwaka 1937.

Njia yake unaweza kuionjesha darasani kwa kalkuleta ya simu. Waambie wagawanye 10 kwa 81. Watapata 0.1234567901… Tarakimu saba za mwanzo baada ya nukta ni zilezile za mwanafunzi wako, na ya nane ndiyo inayoteleza. Si bahati. 10/81 ndiyo jumla ya 1/10 + 2/100 + 3/1000 na kuendelea bila mwisho. Ikifika zamu ya 10, tarakimu mbili haziingii nafasi moja, kwa hiyo 1 inabebwa kwenda kwa 9, 9 inakuwa 10 na kubeba 1 kwenda kwa 8, nayo 8 inageuka 9. Ndiyo maana 8 haionekani! Kwa asili ndogo ya 81, tofauti ni kama 1 kwa bilioni moja.

Fanya hivyohivyo kwa namba za tarakimu mbili, 10 hadi 99. Utapata sehemu hii:

60499999499/490050000000

Asili yake ina tarakimu 12 tu, lakini inalingana na namba yetu kwa tarakimu 186 za mwanzo. Mimi mara ya kwanza nilikaa nikazihesabu kwa mkono, sikuamini.

Hapo ndipo penye siri. Joseph Liouville alionyesha mwaka 1844 kwamba namba ya kialjebra haikubali kukaribiwa kupita kiasi na sehemu zenye asili ndogo. Mlinganyo wake ukiwa wa kipeo n, yaani kipeo kikubwa kabisa cha x ni n, tofauti haiwezi kushuka chini sana ya 1 kwa asili iliyopandishwa kwa kipeo n. Kwa sehemu yetu ya pili ukaribu huo una kipeo cha 16 hivi, yaani tofauti ni kama 1 kwa asili iliyopandishwa kwa kipeo 16. Kwa sehemu ya namba za tarakimu tatu ni karibu 15, kwa tarakimu nne zaidi kidogo ya 13, na unazidi kushuka kuelekea 10. Maana yake Liouville anafuta milinganyo ya kipeo cha chini ya 10, lakini ya kipeo cha 20 au 50 inabaki imesimama. Siegel mwenyewe aliboresha kanuni hiyo mwaka 1921, bado haikutosha.

Mahler akaziangalia asili zenyewe. Ya pili, kabla ya kurahisisha, ni 10⁹ × 99². Inayofuata ni 10¹⁸⁹ × 999². Karibu zote ni 10 zikizidishwa zenyewe, yaani namba tasa 2 na 5 tu, na kijipande kidogo pembeni. Kwa asili za aina hiyo, Theodor Schneider, Mjerumani mwingine, alikuwa ametoa mwaka 1936 kanuni kali zaidi, isiyojali ukubwa wa n. Mahler aliifanya itoshee hapa, na milinganyo yote ikaanguka pamoja. Klaus Roth alipokuja na kanuni yake ya jumla mwaka 1955, kazi hii ikawa ya mistari michache. Mahler hakuisubiri.

Aliendelea na namba hizi Manchester, kisha Canberra, Australia, alikofariki mwaka 1988. Mwaka 1953 alithibitisha kwamba sehemu yoyote yenye asili q, kuanzia 2, iko mbali na pai kwa zaidi ya 1 kwa q⁴².

Mwanafunzi wako akitaka kazi nyingine, mpe 0.149162536496481100…, yaani 1, 4, 9, 16, 25 na namba mraba zote zikifuatana. Kwanza athibitishe mwenyewe kwamba si sehemu. Hoja ya sifuri inafanya kazi hapa pia, maana 100, 10000 na 1000000 zote ni namba mraba. Kisha mwambie kwamba makala ileile ya 1937 inaihusu na hiyo: ni transendenti.