Kipepeo wa mchungwa: mbona picha zina ukungu?

SWALI: Nampiga picha Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa ya manjano, akiwa juu ya ua. Kila mara mabawa hutoka na ukungu. Kosa liko wapi?

JIBU: Huyu hatulii anapofyonza nekta, mabawa hupigapiga muda wote, kwa hiyo kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde haimwezi. Anza na 1/1000, ikibidi 1/2000, tundu la lenzi f/8, na uiache ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, ukungu hauvumiliki. Lenga jicho, si bawa.

Afadhali zaidi umwahi asubuhi. Kabla mwili haujapata joto hawezi kuruka, hivyo huanika mabawa juani, ametulia tuli. Hapo hata 1/250 inatosha. Sogea polepole umeinama, kivuli chako kisimwangukie, maana hicho ndicho humkurupusha. Mchana, tazama matope yenye unyevu: madume hutua kufyonza chumvi.

Akikukimbia, kagua majani machanga ya mchungwa au mndimu. Mayai hutagwa moja moja, mviringo, manjano hafifu. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akibughudhiwa huchomoza nyuma ya kichwa kiungo chenye ncha mbili na harufu kali. Picha yake inavutia, lakini usimchokoze kwa ajili hiyo tu.