Maswali yenu: taichi, ngumi na mtu aliyekushika mkono

Tangu tuanze kufanya mazoezi ya taichi alfajiri hapa Ngarenaro, Arusha, meseji zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mchezo huu wa polepole unamsaidia nini mtu akivamiwa?

Mwalimu shikamoo. Nawaona kama mnaoga hewani. Hayo si mazoezi ya wazee? (Kijana, Sakina)

Marahaba. Unachokiona ni ule mfululizo wa mikao 24 uliotungwa China mwaka 1956 kwa ajili ya afya, na wazee wanaufaidi kweli. Ila chimbuko lake ni mapigano. Ukoo wa Chen, kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, walifundishana kupigana, na jina kamili, taijiquan, linaishia na neno lenye maana ya ngumi. Njoo ukunje magoti dakika tano tu, kisha utuambie mapaja yamesemaje.

Nauza nguo soko la Kilombero. Juzi jioni kijana alinikamata kifundo cha mkono akitaka simu. Nilivuta nikashindwa mpaka watu wakaja. Ningefanyaje? (Mama mfanyabiashara)

Pole sana mama. Kila anayeshikwa huvuta, na hapo ndipo anapokwama, maana mnashindana misuli na mtu aliyejiandaa.

Kwanza legeza bega. Sogea nusu hatua, tena uelekee kwake, mpaka kiwiko chako kiguse mbavu zako. Sasa mkono huo una mwili mzima nyuma yake. Mshiko wa mtu una mlango wake, pale gumba linapokutana na vidole. Geuza kiuno, mkono ufuate tu, utokee mlangoni hapo. Piga kelele, elekea penye taa na watu. Simu ikienda, iende.

Akikuvuta kwa nguvu, nenda naye. Mwendo kakupa bure, wewe malizia kwa bega kifuani kwake. Wachina wanaliita pigo hilo kao, lakini mama yeyote aliyegombania mlango wa kifodi, yaani daladala, saa kumi na mbili jioni analijua bila kufundishwa.

Fanya na mwanao nyumbani, mara 20 kila mkono. Aanze kwa kushika kidogo, siku zikienda akaze kweli. Kusoma hapa peke yake hakutakuokoa.

Ugomvi ni wa haraka, kwa nini mjifunze taratibu hivyo? (Dada wa Njiro)

Kasi inaficha makosa, dada. Ukienda taratibu utaona wapi goti linayumba, wapi umebana pumzi. Mtazame konda wa kifodi cha Kwa Mrombo: mgongo umejikunja, anahesabu noti kwa mikono yote miwili, gari linaruka matuta, na hajashika popote. Magoti laini, uzito chini. Mimi ilinichukua miaka kuupata msimamo ule.

Baada ya hapo lazima mje kwenye kusukumana: watu wawili, mikono imegusana, kila mmoja anamsikiliza mwenzake kwa ngozi ili ajue uzito wake umeegemea wapi. Mara ya kwanza niliingia na nguvu zangu za karate. Mzee niliyepangiwa alikuwa mwembamba, nikamwonea huruma. Nilipomsukuma aligeuka kidogo tu, kama mtu anayepisha baiskeli, nikajikuta nimekumbatia ndoo ya maji. Ndiyo maana ya ule msemo wao wa wakia nne kuhamisha ratili elfu: zile ratili elfu zilikuwa zangu mwenyewe.

Mbona kuna video ya mwalimu wa taichi akipigwa vibaya? (Boda, Kijenge)

Ipo. Aprili 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano ya mchanganyiko, alimmaliza Wei Lei kwa chini ya nusu dakika. Wenzangu wengi huchukia ikitajwa. Mimi huwaonyesha wanafunzi. Mtu ambaye hajawahi kurushiwa ngumi ya uso mazoezini atafumba macho siku ya kwanza, awe anajua taichi au karate. Kwa hiyo Jumamosi tunavaa glavu, na wasiotaka glavu nawaambia wazi kwamba wanafanya mazoezi ya afya.

Akiwa na kisu je?

Mpe anachotaka, ukimbie. Sina jibu jingine.

Nikimwangusha mwizi akaumia, si nitashtakiwa mimi? (Baba, Moshi)

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayohitajika tu. Akishaanguka au akianza kukimbia, teke unalomwongezea si la kujitetea tena. Kama nawe umeumia, pitia polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ndipo uende hospitali. Na uwapigie polisi mapema, 112, kabla machalii wa mtaa hawajafika na mawe.