Magoti yanauma nikishuka mlima: nimeze dawa kabla ya kupanda?

SWALI: Daktari, nina miaka 44 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Mwaka jana tulipanda vilima vya Ngong. Kupanda sikuwa na shida, lakini tulipoanza kushuka magoti yote mawili yakauma kwa mbele, na siku mbili zilizofuata nilikuwa nateremka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Sasa chama chetu kinakwenda kupanda Mlima Longonot baada ya wiki tano. Mwenzangu ananiambia nimeze vidonge viwili vya diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi kabla ya kutoka na kingine tukifika juu. Kemisti wa mtaani anasema sindano ni bora kwa sababu haisumbui tumbo. Natumia dawa ya presha, losartan iliyochanganywa na ya kukojoza. Nichague lipi? Mama wa Ruiru.

JIBU: Usichague lolote, dada. Kwa mtu anayetumia dawa yako ya presha, sindano na vidonge hivyo vina hatari kubwa kuliko maumivu yenyewe ya magoti, na inasikitisha kwamba kemisti alikuuzia wazo hilo bila kukuuliza unatumia dawa gani nyingine.

Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo wa damu inayoifikia. Ukitembea juani kwa muda wa saa tano na jasho likatoka, msukumo huo hupungua. Figo hujitetea kwa kutanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio na kubana ule unaoitoa. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo huzuia prostaglandini, kemikali inayoutanua mshipa wa kuingilia. Losartan nayo huulegeza mshipa wa kutokea. Dawa ya kukojoza imekwisha kupunguza maji mwilini kabla hujafunga kamba za viatu. Zikikutana zote tatu siku ya jasho jingi, figo inabaki haina cha kujitetea nacho, na inaweza kushindwa kazi ghafla hata kwa mtu ambaye vipimo vyake vilikuwa safi wiki iliyotangulia. Usiichukue hii kama ruhusa ya kuruka dawa ya presha asubuhi ya safari. Inayoachwa ni diklofenaki. Katika wiki hizi tano pita kliniki yako, uwaeleze unakokwenda, nao wakwambie la kufanya siku hiyo.

Hili la sindano kutosumbua tumbo nimechoka kulisikia. Diklofenaki haichubui tumbo kwa kuligusa tu. Inapita kwenye damu na kuzima zile prostaglandini zinazolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo iingie kwa mdomo au kwa tako, kidonda cha tumbo kinaweza kutokea vilevile. Sindano inaongeza hatari zake: jipu, au mshipa wa fahamu wa mguu kujeruhiwa na mchomaji asiyejua pa kuchoma, mtu akabaki anaburuta unyayo. Hesabu ya mwenzako nayo ni ya kushtua. Kidonge cha kawaida ni miligramu 50. Viwili asubuhi na kimoja mkifika juu ni 150, kiwango cha juu kabisa cha siku nzima, na saa sita haijafika. Atakayeongeza sindano ya 75 juu yake amekwisha kupita mpaka.

Kosa linaloniudhi zaidi ni hili la kumeza dawa ya maumivu kama kinga, kabla chochote hakijauma. Maumivu unayoyaogopa yana chanzo kinachojulikana. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja huku ukikusukuma juu. Ukishuka, msuli uleule unavutwa kurefuka huku ukijikaza kuzuia uzito usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogo za msuli usiozoea. Wakati huohuo pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inakandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa kwa kila hatua. Ndiyo maana ulipanda Ngong vizuri, ukaumia ukishuka, na makali yakafika siku ya pili. Watakwambia ni asidi ya maziwa iliyoganda msulini. Asidi hiyo huondolewa ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika, haingoji hadi Jumatatu. Kidonge hakipunguzi uzito unaolikandamiza goti wala hakiimarishi msuli. Kinakunyima taarifa tu, ukaendelea kushuka kwa kishindo mahali ambapo goti lingekwambia upunguze mwendo.

Kinga ipo, na wiki tano zinakutosha. Msuli uliowahi kufanyishwa kazi ya kushuka, hata kikao kimoja, hupungua kuumia safari inayofuata, na ulinzi huo hudumu wiki kadhaa. Simama kwa mguu mmoja juu ya kidato cha sentimita 15 hadi 20, ushike ukuta. Teremsha kisigino cha mguu wa pili kuelekea sakafuni kwa hesabu ya polepole hadi nne, kiguse bila kukiegemea, kisha rudi juu. Goti lielekee upande wa kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Likiingia ndani, tafuta kidato kifupi zaidi. Mara 8 kila mguu, raundi 2 wiki ya kwanza, raundi 3 baadaye, mara mbili kwa wiki. Kama ofisi yenu ina lifti, panda nayo na ushuke kwa miguu. Usitarajie kwamba kutembea sehemu tambarare kutakuandaa, kwa sababu huko msuli haufanyi kazi ya kushuka. Kikao cha mwisho kiwe siku sita kabla ya safari, usije ukafika langoni tayari unauma.

Longonot yenyewe haina huruma kwa anayeshuka. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, lile shimo la volkano kileleni, ni kama kilomita 3, sehemu ya juu ikiwa na mwinuko mkali, njia ikiwa ni jivu la volkano na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita 7, kukiwa na kupanda na kushuka kabla na baada ya kilele, mita 2,776. Jumla, pamoja na kurudi langoni, inakaribia kilomita 13.5. Wengi hawajui kwamba mzunguko si lazima. Ukifika ukingoni magoti yakiwa tayari yanalalamika, pumzika, piga picha, rudi. Zikibaki kilomita nyingine 7 kabla hujaanza mteremko wa mwisho, hapo ndipo watu hutafuta vidonge.

Beba maji lita 2 hadi 3, kwa kuwa njiani hakuna, na unywe kadiri kiu inavyotaka. Kujilazimisha lita baada ya lita nako kunadhuru, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa, na dawa za kukojoza pamoja na diklofenaki huzidisha tatizo hilo. Karanga za chumvi na viazi vitamu vinatosha kwa chakula. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu mwenye presha aviache dukani.

Wakati wa kushuka tumia fimbo mbili. Za mti zinafaa kabisa, ziwe ndefu kidogo kuliko zile ulizopandia, na zitangulie kugusa chini kabla ya mguu. Hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo kila unapotua, usikimbie kwenye jivu hata kama vijana wanateleza wakicheka. Kaza kamba za viatu upya kabla ya kuanza kushuka, hasa kifundoni, vidole visigonge mbele. Bandeji ya goti haizuii lolote kati ya hayo, na ikikazwa sana inavimbisha mguu.

Baada ya safari, kama bado unauma, parasetamoli gramu 1 inatosha kwa wengi, isizidi gramu 4 kwa siku, na usome paketi za dawa za mafua na za kichwa, kwa sababu nyingi zina parasetamoli humohumo.

Na haya si ya Mama wa Ruiru peke yake. Katika matatu za safari hizi kuna mtu anayepitisha paketi ya vidonge kama peremende, akijua yeye ana figo nzima na hajui ya jirani yake. Mwenye presha, kisukari, pumu, vidonda vya tumbo au mimba asipokee. Kuna pia unga wa mitishamba unaouzwa kwa wenye magoti, ule unaoponya ndani ya saa moja. Mitishamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Unga wa aina hiyo umewahi kukutwa umechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, au na diklofenaki yenyewe, bila kuandikwa popote.

Maumivu ya mapaja pande zote mbili yanayofikia kilele siku ya pili na kuisha ndani ya wiki si ugonjwa. Goti moja lililovimba ndani ya saa chache, linalokwama au kukuachia ghafla, linahitaji kuchunguzwa. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au ukipungua sana siku moja au mbili baada ya mlima, nenda hospitali saa hiyohiyo na utaje kila kidonge ulichomeza, pamoja na kile ulichopewa kwenye matatu.