Mtamba aliyezaliwa pacha na dume hatibiwi kwa sindano ya joto

Swali: Ng'ombe wangu wa maziwa hapa Rungwe alizaa pacha, dume na jike. Jike sasa ana miezi 20, amenawiri, lakini hajawahi kupata joto. Jirani ameniletea mtu anayetaka kumchoma homoni mara tatu. Nikubali?

Jibu: Ndugu mfugaji, usikubali. Zaidi ya asilimia 90 ya majike waliochangia mimba na dume ni tasa, na utasa huo huanzia tumboni mwa mama. Kondo za pacha hao huungana mapema, damu ya mmoja ikapita kwa mwenzake. Na kwa kuwa korodani za dume hutangulia kukua, homoni zake humfikia jike kabla vifuko vyake vya mayai havijakamilika, vikadumaa, na mirija ambayo ingekuwa mfuko wa uzazi ikasinyaa. Kwa nje hubaki jike wa kupendeza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Imani inayonichosha, kuanzia Tukuyu hadi Njombe, ni kwamba kila mtamba asiyepata joto anahitaji sindano tu. Prostaglandini, homoni inayochomwa kwa kawaida ili kuleta joto, huyeyusha uvimbe mdogo unaoota kwenye kifuko cha mayai baada ya yai kutoka. Kifuko kilichodumaa hakina uvimbe huo, kwa hiyo hata uchome mara kumi, utapoteza fedha tu. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa ampapase kupitia njia ya haja kubwa. Asipokuta mlango wala mfuko wa uzazi, mnenepeshe umuuze kwa nyama. Akivikuta, mtamba wako ni miongoni mwa wale wachache waliosalimika, na sababu itafutwe kwingine. Ndama mchanga angeweza kupimwa mapema, kwa kuwa uke wa kawaida una kina cha sentimita 13 hadi 15, na wa tasa mara nyingi 5 hadi 8.

Hawa wanaozunguka na mikoba ya sindano, wakichoma bila kupima, hawaharibu fedha peke yake. Mtamba aliyekondeshwa na kiangazi anahitaji malisho na madini, wala si homoni; mwenye mimba changa ambayo mfugaji hakuijua ataitoa kwa sindano hiyohiyo; na prostaglandini hupenya ngozi, hivyo ikimmwagikia mama mjamzito aliyeshika kamba ya ng'ombe, mimba yake nayo imo hatarini.