Jibu: Pedi inavurugika nikipiga kordi

Ndugu, umeuliza kwa nini pedi yako (sauti ya sinthesaiza inayotanda taratibu nyuma ya muziki) ni tamu kwenye noti moja lakini inavurugika ukipiga kordi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Anza na osileta (vyanzo vya sauti ndani ya sinthesaiza) mbili za wimbi la msumeno, lenye umbo la meno ya msumeno: moja ipandishe senti 7 (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni), nyingine ishushe 7. Ukizidisha sana, kordi husikika kama imetoka kwenye tyuni. Ataki (muda wa sauti kupanda ukibonyeza) iwe sekunde 1.5, rilizi (muda wa kufifia ukiachia) sekunde 3. Filta ikate kuanzia 900 Hz kwenda juu, LFO (wimbi la polepole lisilosikika, la kusogeza mipangilio) ya 0.1 Hz iisogeze kidogo tu.

Ila tope lenyewe, yaani huo mvurugiko, mara nyingi hutoka kwenye riveba (mwangwi kama wa ukumbini): kata kila kilicho chini ya 200 Hz kabla sauti haijaingia humo. Na kordi zikibadilika haraka, fupisha rilizi, la sivyo ya kwanza huilalia ya pili.